Kujitangaza bila kukoma ndiyo nguzo ya biashara ndogo ya huduma

METHALI isemayo kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza imewaponza mafundi wengi hodari. Fundi bomba ambaye akiziba pahali hapavuji tena, mshona nguo ambaye mshono wake haufumuki, na mpishi wa sherehe ambaye pilau yake haijapata kulalamikiwa, wote huishi wakiamini kwamba kazi nzuri itawaletea wateja yenyewe. Baadhi yao hufunga milango kabla ya kodi ya pango ya miezi sita waliyoitanguliza haijaisha, huku jirani mwenye ustadi wa kawaida tu akiendelea kupokea simu za wateja kutwa kucha.

Tofauti kati ya wawili hao mara nyingi si mtaji wala bahati. Mmoja anaonekana na kusikika kila wiki, mwaka mzima. Mwingine hujitokeza pale tu njaa inapobisha hodi. Kwa biashara ya huduma, tofauti hiyo ndiyo inayoamua nani atadumu na nani atarudi kutafuta ajira.

Biashara zinazozungumziwa hapa ni zile zilizo nyingi zaidi mijini. Sera ya Maendeleo ya Viwanda Vidogo na Biashara Ndogo ya Tanzania ya mwaka 2003 iliziita biashara ndogo sana zile zenye mtu 1 hadi 4 na mtaji usiozidi shilingi milioni 5, na biashara ndogo zile zenye watu 5 hadi 49 na mtaji wa zaidi ya shilingi milioni 5 hadi milioni 200. Saluni, madobi, mafundi wa viyoyozi, wapambaji wa kumbi, wasafishaji wa mazulia na makochi, wapiga picha na walimu wa masomo ya ziada wanaangukia humo.

Huduma haionjwi

Methali ile ina ukweli kwa bidhaa inayoonekana. Muuza maembe sokoni anaweza kumkatia mteja kipande aonje. Muuza kanga anaweza kuikunjua ili mnunuzi aipapase na kuisoma. Hapo kizuri kinaweza kujiuza, kwa kuwa mnunuzi anakipima kwa macho na mikono yake kabla ya kutoa fedha.

Huduma haipimwi hivyo. Mwaka 1985 watafiti watatu wa masoko nchini Marekani, Valarie Zeithaml, A. Parasuraman na Leonard Berry, walichapisha uchambuzi uliokusanya sifa nne zinazoitenganisha huduma na bidhaa: haishikiki, haitenganishwi na mtu anayeitoa, ubora wake hubadilika, na haiwekwi ghalani. Kila sifa kati ya hizo ina maana yake kwa mwenye biashara ndogo.

Kwa kuwa huduma haishikiki, mteja hununua ahadi. Anayemwita fundi wa kiyoyozi kwa mara ya kwanza hajui kama kitapoa. Anachokijua ni kama amewahi kulisikia jina la fundi huyo na kama kuna mtu anayemwamini aliyemsifu. Kwa kuwa haitenganishwi na mtoaji, kila kibarua anayeingia nyumbani kwa mteja ni tangazo linalotembea, liwe zuri au baya. Na kwa kuwa ubora hubadilika, mteja aliyehudumiwa vizuri Jumanne anaweza kuhudumiwa ovyo Jumamosi, na akaisimulia Jumamosi zaidi kuliko Jumanne.

Sifa ya nne ndiyo yenye maumivu makubwa mfukoni. Saluni yenye viti 3 inayofunguliwa kwa saa 10 ina saa 30 za kuuza kila siku. Ikiwa saa 18 tu zimepata wateja, saa 12 zilizobaki hazitunzwi hadi kesho kama mchele usiouzwa. Zimekwenda, na kodi, umeme na mishahara yake vimekwenda nazo. Mwenye duka akikosa wateja kwa wiki moja bado ana mali rafuni. Mwenye saluni akikosa wateja kwa wiki moja ameipoteza wiki.

Hitaji halina miadi

Sababu ya pili ya kujitangaza bila kukoma iko kwa mteja mwenyewe. Hakuna anayemtafuta fundi bomba mpaka siku bomba linapopasuka, na hakuna ajuaye siku hiyo. Katika mtaa wenye nyumba 500, huenda nyumba chache tu zikamhitaji fundi katika wiki moja. Vipeperushi vikigawiwa mara moja, vitazikuta nyumba hizo chache zikiwa na shida, na zile nyingine zitavifungia maandazi. Miezi mitatu baadaye, nyumba nyingine zinapopata shida, kipeperushi hakipo na jina limekwisha kusahauliwa.

Kusahau huko si dharau, ni tabia ya akili ya binadamu. Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1885 kwamba mtu husahau kwa kasi sana muda mfupi baada ya kujifunza, na kwamba marudio yaliyoachiwa nafasi kati yake hudumu zaidi kichwani kuliko yaliyorundikwa pamoja. Kwa lugha ya biashara, matangazo 12 yaliyosambazwa katika mwaka yana nafasi nzuri zaidi ya kukumbukwa kwa muda mrefu kuliko matangazo 12 ya wiki moja.

Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc naye alionyesha kwamba watu hukipenda zaidi kitu walichokiona mara nyingi, hata kama hawana habari nyingine yoyote kukihusu. Wakazi wa mjini wanalijua jambo hili bila kusoma utafiti: mbele ya mafundi wawili wasiowajua, humwita yule ambaye jina lake wamewahi kuliona mlangoni, kwenye pikipiki au kwenye fulana.

Mzunguko wa shibe na njaa

Biashara nyingi ndogo za huduma huanguka katika mzunguko mmoja. Kazi zinapokuwa chache, mwenye biashara huchapisha kadi, huwapigia simu marafiki na kuweka picha za kazi zake mtandaoni. Baada ya wiki kadhaa kazi zinaingia. Hapo hutingwa, simu za kutafuta wateja hukoma, na ukurasa wake mtandaoni hubaki na picha ya miezi minne iliyopita. Kazi zile zikimalizika, hakuna nyingine zilizokuwa zikiandaliwa nyuma yake. Njaa inarudi, naye anaanza upya.

Kosa liko katika muda. Kati ya siku mtu anapolisikia jina la biashara na siku anapoihitaji, panaweza kupita wiki au miezi. Kwa hiyo kazi za mwezi huu kwa sehemu kubwa ni mavuno ya juhudi za miezi iliyopita, na ukame wa mwezi ujao umekwisha kupandwa katika ukimya wa leo. Mkulima hasubiri ghala liwe tupu ndipo apande.

Mzunguko huo una hasara nyingine isiyoonekana haraka. Mwenye njaa hukubali bei ya chini ya gharama, hukubali mteja anayejulikana kwa kutolipa, na hukubali kazi asiyoiweza. Aliye na wateja wanaosubiri anaweza kukataa. Uwezo huo wa kukataa ndio unaomwezesha kulinda bei yake na jina lake.

Kidogo, lakini kila wiki

Kujitangaza bila kukoma hakuhitaji fedha nyingi, kunahitaji ratiba. Njia rahisi ni kutenga saa maalumu katika wiki, kwa mfano Jumatatu kuanzia saa 2 hadi saa 4 asubuhi, na kuziheshimu kama miadi ya mteja. Katika saa hizo hufanywa mambo machache yale yale: kuwasiliana na wateja wa zamani, kuweka picha za kazi za wiki iliyopita, kuwafuatilia walioulizia bei wasirudi, na kuonana na mtu mmoja anayeweza kuleta kazi.

Fedha nazo zitengwe mapema. Wengi hutangaza kwa kilichobaki baada ya matumizi mengine, na kwa kawaida hakibaki kitu. Aliyeamua kwamba sehemu fulani ya kila malipo, hata iwe shilingi 3 katika kila 100, ni ya kujitangaza, atakuwa na kiasi kidogo kila mwezi, na kiasi hicho kitakua kadiri biashara inavyokua.

Njia zichaguliwe kwa kufuata mahali mteja alipo. Fundi bomba wa Sinza hana haja ya kusikika mkoa mzima, kwa kuwa nauli ya kwenda Kigamboni inaweza kumeza faida yake. Bango dogo katika duka la vifaa vya ujenzi, uhusiano mzuri na walinzi na wasimamizi wa majengo, na jina lililoandikwa vizuri kwenye boksi la pikipiki vinaweza kumfaa kuliko tangazo la redio. Mpambaji wa kumbi kwa upande wake anauza kitu kinachoonekana katika picha; Instagram na stetasi ya WhatsApp zinamfaa. Lakini picha ya stetasi hutoweka baada ya saa 24. Anayeiweka mara moja kwa mwezi ameonekana siku moja kati ya 30.

Washirika nao ni njia ya kudumu. Mpishi wa sherehe, mpambaji, mshereheshaji, mpiga picha na mwenye ukumbi wote humhitaji mteja yule yule. Wakipeana wateja kwa uaminifu, kila mmoja anakuwa na wanadi wanne wasiolipwa mshahara.

Mteja wa zamani ni hazina

Neno kujitangaza huwafanya wengi wafikirie wageni. Ukweli ni kwamba sehemu ya bei nafuu zaidi ya kazi hiyo ni kwa wale ambao tayari wamehudumiwa. Mwaka 1990 Frederick Reichheld na W. Earl Sasser walionyesha, kwa kuchunguza kampuni za huduma za Marekani, kwamba kupunguza kuhama kwa wateja kwa asilimia 5 kuliweza kuongeza faida kwa asilimia 25 hadi 85, kutegemea aina ya biashara. Takwimu za benki na kampuni kubwa haziwezi kubandikwa kwenye saluni ya Kinondoni, lakini mantiki yake ni ile ile: mteja anayerudi hahitaji kushawishiwa upya, hununua zaidi, na huleta wengine.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha hilo. Familia yenye viyoyozi 2 ikivisafisha kila baada ya miezi 4, kwa shilingi 30,000 kila kimoja, inalipa shilingi 180,000 kwa mwaka. Kwa miaka 3 ni shilingi 540,000. Fundi anayemaliza kazi, akachukua fedha na kuondoka bila kuandika tarehe ya kurudi, ameuza huduma ya shilingi 60,000 na kuacha shilingi 480,000 mezani. Ujumbe wa simu wa kumkumbusha mteja miezi 4 baadaye hugharimu chini ya shilingi 100.

Katika kukumbusha, adabu ni sehemu ya biashara. Ujumbe unaoanza kwa salamu, unaomtaja mteja kwa jina na kumuuliza kama kazi iliyopita imedumu vizuri ni tofauti na tangazo linalorushwa kwa namba zote zilizomo kwenye simu usiku wa manane.

Kwenda na kalenda ya mji

Kutokoma hakumaanishi kusema neno lile lile mwaka mzima. Jijini Dar es Salaam joto hupanda kati ya Desemba na Machi; fundi wa viyoyozi anayesubiri Januari ndipo ajitangaze atakuwa akigombea wateja na mafundi wote wa jiji. Wakati wake mzuri wa kuzungumza ni Oktoba na Novemba, anapoweza kusema kwamba kiyoyozi kisafishwe kabla ya joto. Mvua za masika, kati ya Machi na Mei, ni msimu wa dobi mwenye mashine ya kukaushia na wa fundi wa paa, ingawa paa linapaswa kuzungumziwa kabla ya tone la kwanza kudondoka.

Wanaohudumia sherehe wana kalenda yao. Waislamu wengi hawafanyi harusi katika mwezi wa Ramadhani, na makanisa mengi huziepuka wakati wa Kwaresma. Kwa kuwa Ramadhani hurudi nyuma kwa takribani siku 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida, mpishi na mpambaji makini huipitia kalenda mwanzoni mwa mwaka na kupanga lini wazungumze na kamati za harusi, ambazo huanza vikao miezi kadhaa kabla ya siku yenyewe.

Jina, namba na sheria

Juhudi za miaka hupotea iwapo jina na namba ya simu hubadilika kila mara. Tangu Machi 2017 mtumiaji wa simu Tanzania ameweza kuhama mtandao bila kubadili namba, hivyo hakuna sababu ya kuacha namba ambayo wateja wameihifadhi. Namba ya biashara iwe moja kwenye kadi, mlangoni, kwenye risiti na mtandaoni.

Jina nalo lilindwe. Kwa Tanzania Bara, majina ya biashara husajiliwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA. Inafaa kufahamu kwamba kusajili jina la biashara si sawa na kusajili alama. Alama za bidhaa na za huduma husajiliwa chini ya sheria yake ya mwaka 1986. Mwenye jina lililoanza kuvuma hufanya vyema kuuliza kuhusu hatua hiyo ya pili kabla mwingine hajaliiga.

Ahadi zina mipaka ya kisheria. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza vitendo vya kuwapotosha walaji, na tangazo la uongo ni mojawapo. Vilevile orodha ya wateja si mali ya kuchezea. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inampa mtu haki ya kudai taarifa zake zisitumike kwa matangazo ya biashara. Mteja akisema asitumiwe ujumbe tena, jina lake liondolewe. Picha ya bibi harusi au ya sebule ya mtu nayo iombewe ruhusa kabla ya kuwekwa hadharani.

Daftari la kupima

Anayejitangaza bila kupima hajui shilingi ipi inarudi na ipi inapotea. Chombo kinachohitajika ni daftari la kawaida lenye safu tano: tarehe, jina la mteja, huduma, malipo, na jibu la swali moja ambalo kila mteja mpya aulizwe, yaani amezipataje habari za biashara hiyo. Baada ya miezi 3 majibu yataanza kuonyesha sura. Huenda ikabainika kwamba vipeperushi vilivyogharimu shilingi 150,000 vimeleta wateja 2, wakati mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye hakulipwa kitu, ameleta 9.

Daftari hilo hilo huonyesha idadi ya waliorudi. Ikiwa wapya wanaingia kila wiki lakini hakuna anayerudi, tatizo haliko kwenye matangazo bali kwenye kazi. Tangazo halitibu huduma mbovu. Huharakisha habari zake kusambaa.

Kudumu si ukaidi

Hapa ndipo baadhi hupotea. Kudumu katika kujitangaza si kung'ang'ania njia moja isiyoleta mtu. Kinachopaswa kubaki vilevile ni jina, namba, ubora na ratiba ya kuwatafuta wateja. Njia zenyewe hujaribiwa, hupewa muda wa kutosha, kisha huachwa au huongezwa kulingana na daftari. Miezi 3 hadi 6 ni muda wa haki kwa huduma nyingi. Wiki mbili ni chache mno.

Vilevile matangazo yasiutangulie uwezo. Fundi mmoja anayeweza kazi 4 kwa siku akikubali 7, atachelewa kwa watu watatu, na hao watatu watasimulia. Kazi zinapozidi, hatua sahihi ni kumfunza msaidizi au kumpangia mteja siku ya mbele na kuitimiza. Ratiba ya Jumatatu asubuhi iendelee hata wakati huo, kwa kiasi kidogo kuliko kawaida, kwa maana ni katika wiki za shibe ndipo wiki za njaa huzuiliwa.

Methali ya kizuri chajiuza haina budi kusomwa sambamba na usemi mwingine unaojulikana na kila mchuuzi: biashara ni matangazo. Ubora wa kazi ndio unaomrudisha mteja, lakini ni kuonekana kila wiki kunakomleta kwa mara ya kwanza. Fundi hodari asiyejulikana na fundi mbovu anayejulikana wote hufunga milango. Wa kwanza hufunga mapema zaidi, tena akiwa na deni la pango ambalo ustadi wake ungeweza kulilipa.